Mtu wa Katikati
(Mhadhara uliotolewa Kanyenye, Tabora, kwa wanafunzi wa uongozi na biashara)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kumwandaa kijana anayetaka kuwa msimamizi katika kampuni ya kimataifa, mahali ambapo mkuu wa mradi ametoka Ankara, mhasibu ametoka Nairobi, fundi mkuu ametoka Chengdu, na vibarua wametoka Sikonge, Uyui na Urambo. Zipo nadharia za jambo hili, zimeandikwa Ulaya na Marekani, nami nimezisoma na kuzifundisha. Leo siwaletei hizo. Mtu akifika Kanyenye akaanza na hizo, atakuwa amempita mwenye nyumba barazani na kwenda kumuuliza mgeni habari za nyumba.

Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kaze, kiini cha mji huu wa leo. Akawapokea Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, akawapa nyumba na chakula, na akawafahamisha mambo ya nchi za bara ambayo Burton aliyaandika kurasa kwa kurasa. Halikuwa pori la mwisho wa dunia. Wakakuta mji wenye deni na dai, wenye bei zinazopanda na kushuka, wenye watu wanaobishana kwa lugha nne uani.

Tazameni mzigo uliokuwa ukishushwa hapa. Merikani, ile nguo nyeupe ngumu, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, ndiyo maana ikaitwa merikani. Kaniki ilitoka India. Shanga nyingi zilitoka Venice. Mtaji ulitolewa na matajiri wa Kihindi wa Unguja, mashuhuri kati yao Taria Topan, aliyemkopesha mfanyabiashara Tippu Tip mali ya safari ndefu za bara kwa kuamini neno lake. Pembe za ndovu zilizotoka hapa zilikwenda mbali kiasi kwamba viwanda vya Connecticut vilizikata kuwa vibonyezo vya piano. Na lililovifunga vyote hivyo pamoja, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, ni bega la Mnyamwezi. Mkisikia watu wanasema kampuni za kimataifa zinakuja Tabora, waambieni zinarudi.

Lakini nisiwapambie. Njia ile ile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na hesabu ya mtu iliandikwa katika daftari moja na hesabu ya pembe. Wapo katika ukumbi huu wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga, na wapo ambao ni wajukuu wa wote wawili. Nitakapousifu ustadi wa watu wa msafara, kumbukeni kwamba ustadi huo huo ulipanga pia bei ya binadamu. Kujua lugha na desturi za watu wengi hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kunampa uwezo tu, na ni lazima tumuulize mapema atautumia kwa nani.

Sasa nianze na shanga. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 akitaka kwenda bara kumtafuta mmisionari Livingstone, alikuwa na fedha lakini hakujua anunue nini. Akajifunza kwa wafanyabiashara wenyeji jambo ambalo lilimshangaza hata akaliandika: shanga nyeusi zinapokewa Ugogo na kukataliwa kwingine kote, shanga za sungomaji zina thamani Ujiji na Uguha, kwingine hakuna anayezitaka, nyeupe zinapendwa Ufipa, ila Uzigua na Ukonongo wanazidharau. Kwa hiyo mkuu wa msafara alilazimika kukadiria, kabla hajaondoka pwani, atakaa siku ngapi katika kila nchi, na kila nchi inapenda nini. Akikosea, anabeba mali isiyonunua hata mtama.

Hilo ndilo somo la kwanza ninalotaka lifundishwe hapa, na lifundishwe kwa shanga zile zile. Mwanafunzi apewe mtaji wa kubuni, orodha ya nchi kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, na idadi ya wapagazi, halafu aambiwe afunge mizigo. Atajifunza zaidi kwa wiki moja kuliko kwa kukariri kwamba watu wa taifa fulani wanapenda umoja na wa taifa fulani wanapenda ubinafsi. Wafanyabiashara wale hawakusema Waafrika wanapenda shanga. Walijua ni nani, wapi, rangi gani, na mwaka huu au mwaka jana.

Katika vitabu vya wasafiri hao mtakutana na Kanyenye nyingine, ile ya Ugogo, nchi ya mtemi Magomba. Msiichanganye na hii yetu. Kule misafara ilikaa siku kadhaa ikibishania hongo. Siku hizi neno hongo limechafuka, tunalitumia kwa rushwa tu, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia. Mtemi alikuwa na visima, msafara ulikuwa na kiu. Wazungu waliona hongo ni wizi. Watu wa msafara waliona ni mazungumzo yenye taratibu zake: nani atumwe kwanza, kitambaa gani kitangulie, kipi kirudishwe kwa mtemi kuonyesha kwamba kimekataliwa ili kiombwe kingine, na lini kukaa kimya kunamaanisha tumekubaliana. Aliyekuwa akitumwa kwenda kwa mtemi ndiye ninayetaka tumzungumzie jioni hii, kwa sababu ndiye mtakayekuwa ninyi.

Mmoja wao, Sidi Mubarak Bombay, alizaliwa Uyaoni. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akakaa huko miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki naye akawa huru. Akarudi Unguja, na mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta ni askari wa Sultani karibu na Pangani. Wakamchukua. Baadaye akaenda na Speke na mwenzake Grant safari iliyowatoa Unguja mpaka Misri, kuanzia 1860 hadi 1863. Akaenda na Stanley mwaka 1871. Akaenda na Mwingereza Cameron, wakavuka bara zima mpaka pwani ya Angola, 1873 hadi 1875. Tabora alipita na kukaa mara kadhaa.

Fikirini jinsi mazungumzo yalivyokwenda. Speke hakujua Kiarabu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji. Alijua Kihindustani kwa sababu alikuwa ofisa wa jeshi India. Bombay alijifunza Kihindustani katika utumwa wake. Kwa hiyo swali lilizaliwa kwa Kiingereza kichwani mwa Speke, likatoka kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, mtu mwingine akaligeuza Kinyamwezi au Kisukuma, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1858 Burton alibaki hapa Kaze, Speke akaenda kaskazini akaliona ziwa ambalo leo tunaliita Viktoria, akarudi akisema amepata chanzo cha Nile. Burton alimbishia, na moja ya hoja zake ilikuwa hiyo: maneno yamepita midomo mingi mno, nani ajuaye kilichosemwa? Ugomvi huo mashuhuri katika jiografia ya karne ile, kwa sehemu ulikuwa ugomvi juu ya kazi ya Bombay. Na Bombay mwenyewe hakuulizwa.

Ninaposoma vitabu vyao natafuta jambo moja: nani alikuwa akisimamia? Nani alituliza wapagazi walipotupa mizigo chini? Nani aliamua yupi aongozwe kwa upole na yupi kwa ukali, nani alijua kwamba mtu anayesema anaumwa mguu kwa kweli amesikia njiani mbele kuna vita? Mara nyingi ni Bombay, au mnyapara mwingine wa namna yake. Lakini anaitwa mtumishi, mkalimani, wakati mwingine mlevi na mzembe, na alipigwa na mabwana zake zaidi ya mara moja. Uzeeni Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni ndogo. Alifariki mwaka 1885. Alifanya kazi ya meneja miaka karibu 20 kwa cheo cha mkalimani.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Vijana wetu wanaoajiriwa leo katika kampuni za kigeni wanapewa vyeo vya katikati: afisa uhusiano, mratibu, msaidizi wa meneja wa mradi, mkalimani wa eneo la kazi. Mambo yakikwama kijijini, wanatumwa wao. Vibarua wakigoma, wanaamshwa wao usiku. Mgeni akikosea neno mbele ya mkuu wa wilaya, wao ndio wanaolirekebisha wakati wa kulitafsiri, na mgeni hajui kwamba ameokolewa. Halafu kikao cha maamuzi kinafanyika mlango umefungwa, nao wako nje wakisubiri karatasi ya kutafsiri. Vyuo vyetu vina lawama hapa. Tumewafundisha kuwa madaraja mazuri, na daraja ni kitu cha kukanyagwa.

Nafasi ya kubadilisha hali hiyo ipo, na iko karibu. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea hapa: kipande cha Makutupora hadi Tabora na kile cha Tabora hadi Isaka walipewa Yapi Merkezi wa Uturuki, na cha Tabora hadi Kigoma walipewa Wachina. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linapita Nzega na Igunga katika mkoa wetu, na pale Sojo wilayani Nzega kimejengwa kiwanda cha kuyafunika mabomba yasipoteze joto. Ndani ya mradi huo mmoja kuna Wafaransa, Wachina, Waganda na Watanzania, kila mmoja na hisa zake. Tena kuna Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Inamtaka mwajiri anayeleta mgeni awe na mpango wa kurithisha utaalamu wake kwa raia. Nendeni mkaisome. Wengi wenu mtaajiriwa chini ya mgeni ambaye, kwa karatasi, anakufundisha ili uchukue nafasi yake. Muulize kwa adabu, mwezi wa kwanza, mpango huo unasemaje. Swali hilo linaulizika, na anayeuliza hana kosa.

Niwasimulie yaliyonipata mimi. Nilifanya kazi miaka michache katika kampuni ya kigeni ambayo sitaitaja. Nilikuwa ofisi ya rasilimali watu, kazi yangu kupitisha fomu za likizo kisha kuzipeleka kwa meneja, bwana mmoja makini, asiyependa uonevu. Siku moja akaniita, ameweka fomu mbili mezani. Zote za dereva mmoja. Ya kwanza ya Machi: likizo ya msiba, amefiwa na baba. Ya pili ya Septemba: likizo ya msiba, amefiwa na baba. Akaniuliza, bila hasira, mtu huyu ana baba wangapi?

Nilijua jibu. Kila mmoja wenu analijua. Wa Machi alikuwa baba mzazi, wa Septemba baba mkubwa aliyemlea na kumsomesha. Hakudanganya hata herufi moja. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inapotoa zile siku 4 za msiba inataja mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa. Baba mkubwa kwa Kiingereza cha meneja yule si mzazi, ni mtu mwingine kabisa, ana jina lake. Nami, na hapa ndipo ninapojilaumu mpaka leo, nilitafsiri. Nikasema ni kweli bwana, huyu wa pili hakuwa baba, alikuwa kaka wa baba. Sentensi sahihi. Dereva akaandikiwa onyo kwa kutoa taarifa za uongo, siku zake nne zikakatwa kwenye mshahara, na baada ya miezi miwili akaacha kazi. Alikuja kuniaga. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, wewe si ungemwambia."

Ningemwambia nini? Nilikuwa na maneno yote ya lugha zote mbili. Nilichokosa ni uzoefu wa kusema: bwana, kabla hujaamua, fomu yetu ndiyo yenye kosa. Hakuna mwalimu aliyewahi kunizoeza kumwambia mkubwa kwamba chombo chake cha kupimia kimepinda. Nilifundishwa heshima nyumbani, nikafundishwa utii shuleni, nikafundishwa uaminifu wa tafsiri chuoni, na vyote vitatu viliungana kuninyamazisha kwa dakika moja iliyotosha kumharibia mtu kazi.

Lakini wazee wa njia hii walikuwa na chombo cha kusema hivyo, nacho ni utani. Wanyamwezi walitaniana na watu wengi waliokutana nao barabarani kuelekea pwani, Wazaramo na Wagogo kati yao. Wengi leo wanadhani utani ni kuchekeshana. Mtani alikuwa na haki ya kumwambia mtu ukweli ambao ndugu yake wa damu hathubutu. Mtani alifanya kazi za mazishi, akafika msibani akapiga kelele, akamzuia mfiwa asijidhuru, akadai chake, na hakuna aliyekasirika kwa sababu mipaka ilijulikana. Wapagazi waliofika kwa wageni wenye mikuki walikuwa na njia ya kuanza na maneno makali yasiyoua. Mimi naona huo ni ugunduzi mkubwa wa uongozi, mkubwa kuliko mengi niliyosoma vitabuni. Kampuni zinalipa fedha nyingi siku hizi kutafuta namna ya kumfanya mfanyakazi wa chini aseme kosa alilomwona nalo mkubwa. Hapa palikuwa na namna.

Sisemi mkamtanie Mturuki siku ya kwanza. Atakuandikia barua. Utani unahitaji pande zote mbili zijue kwamba ni utani, na hiyo ndiyo kazi: kutengeneza na mkubwa wako, mapema, kabla ya shida, makubaliano ya namna utakavyomwambia anapokosea. Faragha au mbele za watu? Kwa mdomo au kwa maandishi? Wapo wanaotaka uwaambie wazi mezani, wapo ambao ukiwaambia mbele ya wengine umewavunjia heshima hata kama una haki. Muulize. Mapatano ya namna hii yanafanyika kwa dakika kumi za chai, na ningekuwa nayo, dereva yule asingeacha kazi.

Kuna na upande wa pili, wa kuahidi na kulipa. Safari ya 1857 ilipokwisha na Burton kurudi Unguja mwaka 1859, alikataa kulipa baadhi ya watu waliokwenda naye, akisema waliahidiwa kwa sharti la mwenendo mzuri, nao hawakuwa wema. Wao walisema waliahidiwa, basi. Konseli wa Uingereza, Rigby, alichukua upande wao, akaandika kwa serikali ya Waingereza huko India, na Burton akalaumiwa rasmi. Sharti lile lilitafsiriwa kwao vipi siku ya kuondoka? Lilitafsiriwa kweli? Mtu wa katikati ndiye shahidi wa pekee wa sharti, kwa sababu yeye pekee alilisikia kwa lugha zote mbili. Kwa hiyo nawaomba walimu: mfundisheni mwanafunzi kuandika muhtasari wa kikao kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni siku hiyo hiyo, usiku huo huo, na kuwasomea pande zote mbili. Mwanakijiji anayeambiwa juu ya fidia ya shamba lake akajibu "nimesikia", muhtasari uandike amesikia. Usiandike amekubali. Nimeona karatasi ambazo "nimesikia" iligeuka saini.

Na mumfundishe saa. Hili nalipita haraka kwa kuwa kila mmoja analijua, lakini bado watu wanakosana kwa saa 2 yetu na saa 2 yao. Mumfundishe hesabu za posho na makato mpaka aweze kumweleza kibarua mbele ya meneja bila karatasi. Mumfundishe lugha ya tatu, si kwa cheti bali mpaka aweze kununua na kugombana nayo. Kichina au Kituruki, itategemea nani yuko relini. Mafunzo kwa vitendo, ambayo ninyi mnayaita fildi, yasiishie kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mwanafunzi akae wiki mbili kwenye baraza la kata, asikilize jinsi mzee anavyokataa jambo bila kutumia neno hapana hata mara moja. Kisha aandike: alikataa katika sentensi ya ngapi?

Na akifundishwa kuadhibu, ajifunze kwa watu wa njia: Burton anaeleza kwamba katika msafara kirangozi alitangulia na bendera, na mpagazi aliyethubutu kumpita alichomolewa mshale mmoja kutoka podo lake, akaukomboa mwisho wa mwendo wa siku hiyo. Nalipenda sana jambo hilo. Faini ilikuwa ndogo, ilionekana na wote, na ilijulikana kabla. Hakuna aliyefukuzwa. Aliyeiweka hakuwa mzungu wala Mwarabu. Ilikuwa sheria ya wabebaji wenyewe, watu wa hapa, na wageni walioajiri misafara waliikuta tayari.

Nirudi kwenye ile fomu. Baada ya dereva kuondoka ilichukua muda kabla sijapata ujasiri. Akaja ofisini binti mmoja wa hapa Tabora, ametoka chuo, mwaka wake wa kwanza kazini. Nikampa fomu za likizo azipange. Akazisoma siku mbili, akaja kwangu na moja mkononi, akaniuliza, "Mama, hapa palipoandikwa uhusiano na marehemu, kwa nini hatuongezi mstari?" Nikamwambia mstari gani. Akauandika kwa kalamu ya risasi pembeni: Je, marehemu alikulea? Tukaenda pamoja kwa meneja. Yeye alitangulia kuongea, mimi nilisimama nyuma yake. Meneja aliitazama karatasi kwa muda, akauliza siku ngapi, binti akamtajia, na akaeleza kwa Kiingereza cha taratibu baba mkubwa ni nani. Fomu zikachapwa upya wiki iliyofuata.

Dereva nilimtafuta. Namba yake ilikuwa haipatikani tena.